Mdomo wa Pili

Pale hospitali walimwita Profesa, kwa utani tu, maana chuo chenyewe hakumaliza. Lakini kompyuta alizijua, hilo msimnyime.

Kulikuwa na programu kuukuu ya kupima oksijeni iliyobaki kwenye mitungi. Haikuwa na picha wala vitufe, ilimwaga maandishi tu kwenye skrini nyeusi kule chumba cha mitambo, na muuguzi mkuu alishuka ngazi kila saa kwenda kuyasoma. Profesa akaandika programu nyingine ya kuiendesha ile kimyakimya, kuyadaka maandishi yake na kuyaleta kwenye skrini ya wodini. "Sasa pumzisha magoti, dada," alimwambia. Muuguzi akacheka, akaacha kushuka.

Sikilizeni kosa lenyewe, maana linauma. Programu za namna ile zina midomo miwili: mmoja wa kutoa habari za kawaida, wa pili wa kulalamika. Profesa alidaka wa kwanza tu, wa pili akauacha. Wa pili ukilalamika, wodini lilibaki palepale neno zuri la mwisho. Alilijua hilo. Nitarekebisha kesho, alisema. Kesho, kesho, miezi minne!

Alhamisi mchana alikaa kando ya kitanda cha shangazi yake, aliyemlea tangu ana miaka mitatu. Siku hiyo ni shangazi peke yake aliyekuwa kwenye bomba la oksijeni. Shangazi akaisogeza barakoa.

"Mwanangu, hewa haiji."

Profesa akainua macho. Skrini ilikuwa kijani: MITUNGI SAWA.

"Inakuja, shangazi. Tazama pale. Ni wasiwasi tu."

"Nakwambia haiji."

"Shangazi nawe! Ile nimeiandika mwenyewe."

Akamrudishia barakoa taratibu, kwa mapenzi. Mama wa watu akafumba macho, hakuwa mtu wa kubishana.

Muuguzi alipofika kitandani akaona midomo imekuwa ya bluu, akapiga yowe. Wakakimbilia mtungi wa akiba. Wapi! Maji yalishamwagika.

Jioni Profesa alishuka chumba cha mitambo, akaiendesha ile programu kwa mkono, kama zamani. Skrini nyeusi ikajaa: MTUNGI UMEKWISHA. BADILISHA. MTUNGI UMEKWISHA. BADILISHA. Muuguzi akamkuta amesimama, machozi yanamchuruzika.

"Kwa hiyo ilikuwa inasema?" akauliza.

"Ilisema," akajibu Profesa. "Na shangazi alisema."