Ishirini na Mbili Nukta Nne

Kinyozi alipofariki, mjane wake alimpa mdogo wa marehemu ile baiskeli ya mbio, na kijisaa cha mwendo kikiwa bado kwenye usukani.

"Ichukue, shemeji. Nikiiona hapo ukutani nashindwa hata kumeza."

Mdogo mtu alikuwa mchomeleaji vyuma, kijana wa damu moto. Katika kundi lao la Jumapili walimwita Risasi. Kaka yake walimwita Kobe, na jina hilo Risasi mwenyewe ndiye aliyelitunga.

"Kobe, ukifika utatukuta tumeota mvi!" alikuwa akimpigia kelele akimpita mlimani.

Kaka mtu alikuwa akicheka, pumzi zikimkatika. "Tangulieni, dogo. Njia haihami."

Kijisaa kilijumlisha safari zote tangu kilipofungwa, kikatoa wastani mmoja wa kilomita kwa saa. Risasi alikikuta kinasoma ishirini na mbili nukta nne. Wastani wa kobe kweli! Akaapa kumfuta marehemu aibu hiyo kwa jasho lake. Kila Jumapili alinyonga pedali kama mtu aliyechokoza nyuki, na namba ikapanda kwa kujivutavuta mpaka ikagonga ishirini na tatu.

Akakimbilia kinyozini, ambako sasa shemeji yake ndiye aliyeshika mashine ya kunyolea.

"Shemeji, tazama! Tumeipandisha!"

Mjane akajipangusa nywele mikononi, akainama. Akaisoma namba.

"Ile yake iko wapi?"

"Ndiyo hii. Imekua."

"Irudishe."

"Hairudi, shemeji. Inachanganyika na mwendo wangu."

Mwanamke akaketi kwenye kiti cha wateja. "Kaka yako alikuwa akiingia mlangoni hapo, ananisomea namba kabla hata ya salamu. Mimi namwambia, bwana we, huoni haya, kila wiki ile ile? Ananijibu, moyo wangu mbovu, mke wangu, daktari kaniwekea mpaka. Nikivuka siamki."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Alikataa. Alisema, dogo akijua ataanza kunisubiri, na mimi raha yangu ni kumwona anavyochomoka."

Risasi aliishika baiskeli, akatoka.

Tangu Jumapili iliyofuata alinyonga polepole, nyuma ya watu wote.

"Jamani, Risasi imelowa maji!" wenzake walimtania.

 Mlimani, pale alipozoea kumpita kaka yake, aliusikia moyo wake ukidunda mzima, wenye afya, na akauchukia. Namba ikashuka kwa ukaidi ule ule iliopandia. Asubuhi iliposoma ishirini na mbili nukta nne alifunga breki papo hapo. Hakuthubutu kuliacha gurudumu lizunguke tena. Akajitwika baiskeli begani, akatembea nayo mpaka mjini, watu wakimcheka: leo farasi ndiye kampanda bwana!

Kinyozini hakukuwa na mteja. Aliishusha mlangoni taratibu, amelibeba gurudumu la mbele lisizunguke, kama mtoto aliyelala. Shemeji yake akasogea, akasoma kwa sauti:

"Ishirini na mbili nukta nne."

Kisha wote wawili wakageuza macho mlangoni. Namba ilikwisha kusomwa. Salamu ndiyo iliyokuwa haiji.