Mapipa Chini ya Kenchi

Mkuu wa chuo tulimwita Nyundo, kwa siri bila shaka. Safari hii alitaka kuangusha bwalo la chakula, na mimi, mhandisi wake, ndiye niliyemkatalia. Nilisema paa la zamani libaki na mbao zake, tutoboe madirisha ya juu ya kutoa joto na tuweke paneli za sola ili jiko liachane na kuni. Alikubali kwa shingo upande: kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zikimudu uzito wa paneli, bwalo linabaki. Zikishindwa, anabomoa, na chakula kitaletwa na kampuni ya nje. Maana yake shangazi yangu, mpishi mkuu pale tangu sijazaliwa, angepoteza kazi pamoja na wenzake.

Tukaning'iniza mapipa chini ya kenchi, tukayajaza maji pomoni badala ya paneli, tukayaacha yalale hivyo. Asubuhi mbao zilikuwa zimepinda kidogo tu. Mafundi wakapeana mikono, Nyundo akanuna. Nami nilikuwa nimefurahi mpaka nilipopanda ngazi kuchungulia pipa la katikati. Maji yalikuwa nusu, na sakafu chini yake ilikuwa kavu.

Nilimfuata shangazi stoo, nikamuuliza. Hakunificha.

"Nilipoingia alfajiri nilisikia mbao inalia," alisema. "Nikapanda ngazi, nikachota maji. Ulitaka ivunjike?"

"Nilitaka kujua kama itavunjika, Shangazi."

"Basi haikuvunjika. Nyamaza, mwanangu. Tunajua mimi na wewe tu."

Huyu ndiye aliyenilea. Nilitamani kumkumbatia na kumtikisa kwa wakati mmoja, na damu ilinichemka kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Nikapiga moyo konde, nikarudi bwaloni kuwaambia jaribio linarudiwa. Sikumtaja mtu. Mafundi walinitazama kama nimerukwa na akili. Nyundo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi.

Niliwatoa wote nje, tukapitisha mpira wa maji dirishani hadi kwenye pipa la katikati, nikafungua bomba mwenyewe. Shangazi alikuja kusimama kando yangu mlangoni. Maji yakapanda. Sindano ya kipimo tulichofunga kwenye kenchi kuonyesha inavyopinda ikaanza kutambaa, kisha mbao ikalia kwa sauti nyembamba.

"Funga," alininong'oneza.

Mkono ulikuwa juu ya bomba. Sikufunga.

Kenchi ilikatika kwa mlio mmoja. Pipa, mbao na mabati vikaporomokea meza ya kupakulia chakula, meza ikapasuka katikati, vumbi likatufuata hadi nje.

Shangazi aliitazama ile meza.

"Hapo ndipo ninaposimama," alisema.

Nilimwambia najua. Kisha nikaenda kumwambia mkuu wa chuo abomoe.