Rimu za Gari la Baba

Baba alipofariki, wanawe waligawana alivyoviacha, na msusi, binti pekee na kitindamimba wa nyumba ile, akaambulia gari bovu. Lilikuwa limekaa juu ya matofali nyuma ya nyumba tangu mzee aanze kuugua, na kuku walikuwa wanatagia kiti cha nyuma.

"Mpeni dada banda lake la kuku," kaka mkubwa alisema, na wanaume wakaangua kicheko mpaka shangazi yao akawakemea: hata udongo wa kaburi la ndugu yake haujakauka, wao wanakenua meno!

Msusi akatafuta watu wa kulikokota hadi uani kwake, kando ya saluni, na akamwita fundi wa jirani. Wakaelewana hivi: fundi afungue vyuma, yeye avisafishe.

Basi jioni, wateja wakiisha, alijifunga kanga kiunoni akakaa kwenye kigoda na beseni mbele yake. Mafuta ya taa yaling'oa grisi iliyogandamana, sabuni ikamaliza masizi. Lakini chini ya uchafu, zile sehemu za aluminiamu, yaani kabureta, mfuniko wa injini na rimu zote, zilikuwa zimefubaa na kuota unga mweupe, kama uso wa mtu aliyeamka bila kunawa.

"Hiyo ndiyo kutu yake," fundi alimwambia. "Si nyekundu kama ya chuma, lakini ni kutu. Chukua siki, itie maji, sugua kwa mswaki mkuukuu, kisha suuza sana na ukaushe. Ila kostiki, ile dawa ya kuzibulia mabomba, usithubutu. Inatafuna aluminiamu kama mchwa."

Vidole vilivyozoea kusuka nywele nyembamba havikushindwa na vijipembe vya kabureta. Mgongo ulimuuma, kucha zikawa nyeusi, wateja wakamtania kwamba nywele zao zinanuka gereji. Lakini rimu ya kwanza ilipokubali, akauona uso wake mwenyewe ndani yake, alicheka peke yake kama mwendawazimu. Na siku injini ilipowaka, fundi alipiga makofi, naye akakaa nyuma ya usukani akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Haukupita muda, kaka mkubwa akaja kumtembelea. Hakuwa na mazoea hayo.

"Dada yangu, gari la baba limependeza!" Akalizunguka, akapapasa rimu. "Mwanao anaoa Jumamosi. Niazime limbebe bibi harusi. Jumatatu asubuhi nalirudisha."

Angemnyimaje mtoto wa kaka yake? Akatoa ufunguo.

Jumatatu ikaja ikapita. Akipiga simu, haipokelewi. Mwisho akaenda mwenyewe, akamkuta kaka kajinyoosha barazani.

"Tuongee kiutu uzima," kaka alisema bila kuinuka. "Gari lile ni la ukoo. Mahali pake ni kwa mwana mkubwa. Wewe ukiolewa si utaondoka nalo?"

"Niliolewa nikaachika, kaka, na siku ile hukunipokea hata mkoba. Leo ndiyo unakumbuka ndoa yangu?"

"Usinipandishie sauti kwangu."

Msusi aliondoka. Mchumia juani hula kivulini, wanasema. Sasa yeye kachumia juani, na kivulini kajilaza mtu mwingine! Hakulala. Asubuhi akaenda kumchukua shangazi, wakaongozana.

Kumbe kaka alikuwa tayari langoni, mpole kama maji ya mtungi.

"Ndiyo kwanza nilitaka kukuletea gari lako, dada," alisema. "Nimefikiri, nikaona haki ni haki. Ni lako, chukua."

Msusi akalitazama gari lake. Rimu zote zilikuwa nyeusi, nyuso zimetobokatoboka kama zimeugua ndui. Akafungua boneti: mfuniko wa injini nao vivyo hivyo.

"Umezipaka nini?"

"Nilitaka zing'ae zaidi. Kijana wa kuosha magari akaniletea kostiki, nikamwambia mwaga tu..."

"Likiwa bovu, langu!" Msusi alipiga kelele, majirani wakachungulia. "Liking'aa, la ukoo! Umeliharibu, langu tena! Hebu niambie, kaka, gari hili lina wenyewe wangapi? Mikono hii ndiyo iliyosugua! Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unacheka!"

Kaka akamgeukia shangazi ili amtetee. Bibi yule alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Jumamosi utakwenda uani kwa dada yako," alisema, "na utasugua. Usipokwenda, usinihesabu mimi kuwa shangazi yako."

Akaenda. Msusi alimwekea kigoda nje ya mlango wa saluni, wazi kabisa, wateja wakimtazama vichwa vikiwa vimejaa rola. Fundi akampa msasa, kitambaa na dawa ya kung'arishia, akamwonyesha namna. Hadi mchana jasho lilikuwa limelilowesha shati lake la kutokea, na weusi ulikuwa umetoka kwenye rimu moja tu. Matundu hayakutoka, hayo hayatoki.

"Dada," aliita kwa sauti ndogo, "sikujua kama ni kazi hivi."

"Hukuuliza."

"Bado umenikasirikia?"

"Sana."

Akamletea maji ya kunywa, kwa kuwa jua lilikuwa kali na ni nduguye, na akamsogezea rimu ya pili.