Firigisi ya Dereva

Andati aliposikia Peugeot ya chuo kikuu ikipanda njia ya murram kuja kwao Navakholo, alitoka mbio mpaka langoni, viatu havijafungwa kamba. Nani angemcheka? Tangu mkuu wa chuo amwamuru aende nyumbani "akapumzike," hakuna mhadhiri mwenzake hata mmoja aliyethubutu kumtembelea. Wote walimkimbia kama mtu mwenye upele. Na sasa huyu hapa Lusweti, anashuka garini na kicheko chake kile kile, mikono wazi.

"Omukoki!" Lusweti akaita.

Basi Andati akasahau machungu yote. Omukoki si neno la kuchezea. Hawa wawili walitahiriwa Agosti moja, wakauguza vidonda katika kibanda kimoja, na watu wa huku wanajua kwamba wa namna hiyo hawafichani kitu wala hawauzani. Ukimuuza omukoki, afadhali ungemuuza mama yako mzazi.

Kosa la Andati lilikuwa mhadhara mmoja tu. Miaka hiyo sukari ilikuwa imewapanda watu vichwani. Miwa ilipandwa mpaka mlangoni mwa jikoni. Kila boma mabati mapya, redio, baiskeli inang'aa. Wanasiasa wakija, wimbo ni miwa. Andati, aliyefundisha uchumi wa kilimo, alikuja likizo akaona jambo jingine: mahindi ya kununua, tena kutoka Lumakanda, na malipo ya miwa yakichelewa watoto wanalala na uji mtupu, nywele zimegeuka nyekundu. Akarudi Nairobi akawaambia wanafunzi wake. Ati anachochea! Jamani, uongo ukisemwa barazani huitwa maendeleo, lakini ukweli ukisemwa darasani ni uchochezi.

"Kamati ya nidhamu inakaa Jumatatu," Lusweti alisema walipoketi sebuleni. "Mimi ni mmoja wao. Nitakutetea mpaka mwisho."

"Najua, ndugu yangu."

"Tatizo ni moja. Wanasema umetunga. Wanasema hakuna mkulima aliyekuambia hayo. Nipe hata mtu mmoja wa kweli, nisimame naye."

Andati akasita. Aliyemfungua macho hasa alikuwa Khalayi, mjane wa ng'ambo ya mto, aliyefunua chungu chake akamwonyesha kilichokuwamo. Khalayi alitaka kung'oa nusu ya miwa apande mahindi, diwani akamkemea mbele ya watu na kumkataza. Alimsimulia Andati yote, kisha akamshika mkono na kumwambia, "Mwalimu, jina langu lisitoke." Maana huku mkulima akichukiwa na wakubwa hapigwi, hafungwi. Trekta hupita tu mbele ya shamba lake kwenda kwa jirani, miwa yake inasimama mpaka inakauka, na hana pengine pa kuiuza.

"Nilimwahidi mtu," Andati akasema.

"Na mimi ni nani? Mpita njia?"

Aibu ikamshika Andati. Kweli, atamficha nini omukoki? Akalitaja jina la Khalayi, akaeleza na nyumba yake ilipo, na diwani alisema nini. Dereva wa Lusweti, mwanamume mnene aliyejitambulisha kwa jina la Joash, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, kofia magotini. Andati hakuwa na habari naye. Nani humjali dereva?

Mama yake Andati, Pascalia, akaleta chakula. Aliposikia tu sauti ya Lusweti alikuwa amekimbilia jogoo, kwa sababu mtoto huyu alizoea kula kwake tangu zamani. Akamkaribisha na dereva asogee mezani, akaweka obusuma, ugali wa kwao, akaweka ingokho, yule kuku, na kwenye sahani ya Lusweti akaiweka firigisi, imondo wanavyoiita huku. Hili kila mtoto wa Kakamega analijua hata kabla ya kujua kusoma: firigisi ni ya mtu wa heshima kuliko wote walioketi. Haikatwi, haigawanywi, na mgeni aliyepewa hampi mwingine ila aliye juu yake.

Lusweti akaitazama. Akaichukua kwa vidole, akainuka kidogo kitini, akaiweka kwenye sahani ya dereva.

"We Lusweti!" Mama Pascalia akapiga makofi kwa mshangao. "Imondo ya dereva? Nairobi imekumaliza adabu yote?"

Lusweti akaganda. Hakuwa amefikiri, masikini. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa adabu aliyolelewa nayo na kwa hofu aliyokuja nayo. Dereva wa kweli angeruka, angesema hapana mzee, siwezi. Huyu hakushangaa wala hakukataa. Aliitafuna taratibu, huku akimtazama Andati machoni kwa mara ya kwanza.

Andati akalirudisha tonge sahanini.

"Huyu ni nani, Lusweti?"

Lusweti akaumega ugali, asiupeleke mdomoni.

"Nakuuliza wewe! Umeniletea nani ndani ya nyumba ya mama yangu?"

"Nina watoto, Andati," Lusweti akasema, macho kwenye sahani. "Watu wa serikali walikuja kwangu kwanza. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia! Pale langoni, kabla sijafungua mdomo, ungeniambia!"

Yule mtu akanawa mikono, akajifuta vizuri kila kidole. "Umepika vizuri, mama," akasema. Kisha akamgeukia Andati. "Usiwe na wasiwasi, mwalimu. Utarudishwa kazini. Haja yetu haikuwa wewe."

Walipotoka, yule Joash alifungua mlango wa nyuma wa gari akajikalia. Lusweti ndiye aliyeshika usukani.

Andati alibaki uani na hasira zake. Alimlaani Lusweti, akailaani Agosti ile na kisu kile na kibanda kile. Uchungu wa kuuzwa na mtu uliyelia naye usiombe ukupate. Lakini kila laana aliyoitoa ilizunguka ikamrudia. Lusweti alikuwa amemuuza yeye, na yeye alikuwa amemuuza nani?

Asubuhi alivuka mto. Khalayi alikuwa kando ya miwa yake iliyokomaa, akifyeka njia ya trekta. Alipomwona alitupa panga chini akapiga kigelegele.

"Mwalimu wetu! Umekuja siku nzuri, kesho ni zamu yangu kukatiwa!"

"Mama Khalayi, nimekuja kukuambia jambo."

"Jambo gani na hujala? Anayetusemea sisi haongei na njaa kwangu. Keti!"

Andati akaketi. Hapo ndipo angesema, na hakusema. Alimwona akimkimbiza jogoo, na huyo ndiye jogoo pekee aliyekuwa pale uani. Alimwona akimchinja, akimnyonyoa, akipuliza moto huku akicheka na kupanga mambo: malipo yakitoka atanunua mbegu za mahindi, diwani apende asipende, na watoto wapate blanketi. Andati aliitikia tu ndiyo, ndiyo, kama mjinga.

Chakula kikaja. Khalayi akamnawisha, akapiga goti kidogo kama mtu anavyomheshimu mgeni mkubwa, akamwekea firigisi.

Andati akaitazama mpaka mvuke ukaisha. Mwishowe akaichukua, akaiweka kwenye sahani ya Khalayi.

Kicheko cha Khalayi kikakatika. Maishani mwake hakuwahi kuiona firigisi kwenye sahani ya mwanamke. Aliiangalia, akamwangalia Andati, kisha akageuka akaiangalia miwa yake, imesimama tayari mpaka barabarani.

"Mwanamume hampi mwanamke imondo bure," akasema polepole. "Mwalimu, umenifanya nini?"