Damu ya Kamen Ilipata Gari

"Mumeo ananuka pombe," nesi Raina alisema, akimwonyesha Kamen benchi la korido. "Mkalishe hapo mpaka imtoke."

"Hajanywa, sista. Mama mkwe kamfunga vitambaa vilivyolowa rakia, ile pombe kali, usiku, homa ishuke."

"Kila mlevi wa hapa kafungwa vitambaa na mama yake."

Stoyanka, mkewe Kamen, alimeza hasira. Homa ilishuka kweli, na hilo ndilo lililowaponza. Ngozi ya baridi, harufu kali. Nani angemsadiki mpiga lipu anayelalamika tumbo? Kamen alikuwa amejikunja ubavu wa kulia, jasho likimtiririka, hana hata nguvu ya kutukana.

Hatimaye akaja Daktari Zhelev, kijana ambaye bado aliomba ruhusa kwa simu kabla ya kila jambo. Alimbonyeza Kamen tumbo mara moja tu, akajua.

"Kidole tumbo hiki. Ila sijui kimefikia wapi. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama kimevimba tu au kinaoza. Hapa kwetu vitendanishi vyake vimekwisha tangu Pasaka."

"Basi mpeleke mjini akapasuliwe!"

"Hawapokei mtu bila majibu, mama. Wanasema tunawajazia walevi na wenye gesi. Damu itatangulia na gari la wagonjwa. Wakiona hali ni mbaya, gari litarudi kumchukua."

"Gari hilohilo moja?"

"Ndilo tulilo nalo."

"Sasa si apande na damu yake?"

Daktari akamchoma Kamen sindano, akavuta damu. Gari likaondoka na kichupa kimoja, machela ikiwa tupu. Damu ilipata gari. Mwenye damu akaambiwa asubiri.

Baadaye maumivu yakakata ghafla. Kamen akanyoosha miguu na kutabasamu.

"Yamekwisha, Stoyanka. Twende nyumbani, kuna supu ya maharage."

Stoyanka alilia kwa furaha, akamshukuru hata Raina. Lakini Zhelev aliposikia maumivu yamekata, uso ulimparama. Alijua kidole kimepasuka. Akakimbilia simu, akaikuta inalia.

Alirudi mbio. "Kipimo kiko juu mno. Wanasema huyu alitakiwa apasuliwe tangu asubuhi. Wanauliza kwa nini hatukumleta."

"Ukawajibuje?"

"Nimewauliza tu gari liko wapi." Gari lilikuwa bado mjini, likipakia mashuka ya hospitali kutoka kwa dobi.

Jua lilipoinama, tumbo la Kamen lilikuwa gumu kama ubao na macho yamezama ndani. Stoyanka alimshika mikono iliyopoa, akaona wazi kwamba anampoteza.

"Maji," Kamen alinong'ona.

"Asipewe!" Raina alidakia. "Anakwenda kupasuliwa huyo."

"Wapi, sista? Na nani?"

Stoyanka akainua kichwa cha mumewe, akamnywesha. Maji mengi yalimwagikia shingoni, na hakuna aliyemzuia.