Hela ya Siku, Mkaa wa Kopo

Siwema ndiye aliyeniambia kwanza, wala si Latifu mwenyewe ninayelala naye kitanda kimoja, Siwema jirani yangu wa mlango wa pili, juzi tukianika nguo, akaniuliza, Mama Hajira, kwani mnahama, nikamwambia hatuhami, akasema basi nimesikia vibaya, mume wako alikuwa anamuuliza dalali chumba kimoja kule Mkuza, cha yeye na mwenzake wa kiwandani, yule Evance, nikaendelea kubana nguo, sketi ya shule ya mtoto nikaibana kwa vibanio vitatu wakati kimoja kinatosha... na sasa nimesimama hapa kwa Mzee Anselmi muuza mkaa na mfuko wangu mtupu, yeye ameinama anachota mkaa kwa mikono miwili anajaza kopo, Siwema yuko ubavuni kwangu anamtania, na mimi nasikia nusu, nusu nyingine inanipita, maana kichwani mwangu lipo jina moja tu, Kurui, Kurui kwa mama mkwe wangu, huko ndiko tunakopelekwa mimi na Hajira mwezi huu ukiisha, nilimuuliza Latifu jana jioni, hakukataa, akasema si kwamba nawafukuza, ni kwa muda tu, mambo yakikaa sawa mnarudi, kule mihogo iko shambani, kuni mnaokota, maji hayanunuliwi, hapa Visiga kila kitu hela, na hela haikai, Mama Hajira, wewe mwenyewe unaona, nikasema naona. Basi. Naona. Neno moja, na yaliyokuwa moyoni yangejaza daftari.

Mtani, Siwema anasema, hilo kopo lako ulilipiga teke kitako kikaingia ndani au limezaliwa hivyo, na Mzee Anselmi bila kuinua kichwa anajibu, limezaliwa na Mzaramo kama wewe ndiyo maana halishibi, Siwema anamrudishia, rudi kwenu Tabora ukale michembe yenu ya viazi vikavu, na mzee, nipe nauli basi, wewe uliyeuza shamba la baba yako ukachezea ngoma, na wote wawili wanacheka, naye Siwema hapo hapo katikati ya kicheko anainama anaokota vipande viwili vikubwa vya mkaa anavitupia kwenye mfuko wake, hii haki ya mtani, anasema, Mzee Anselmi anamtazama tu, anatikisa kichwa, maana ndivyo ilivyo, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akichukua amechukua. Mimi pia ni Mzaramo. Mimi nimezaliwa Kisarawe kabisa, Siwema kazaliwa Kariakoo, kama ni haki hiyo mimi ninayo zaidi yake, lakini siku ile ya kwanza tulipohamia, nilipokuja kununua mkaa hapa, niliinamisha kichwa nikasema shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, na Siwema alinicheka njia nzima mpaka nyumbani, umeharibu, mwenzangu, mtani haamkiwi hivyo, mtani unaanza kumtukana kwanza ndiyo biashara inakaa sawa, ukishamwamkia amekuwa baba yako, na baba yako utamwambiaje kopo halijajaa... na kweli tangu siku hiyo, mwaka wa pili huu, sijamwambia. Napokea kopo lilivyo, nasema ahsante baba, naondoka. Si mtu mbaya, mkaa wake mkavu, hauchanganyi na vumbi, akimwona Hajira anamuuliza umesoma nini leo, shida ni mimi, mdomo wangu ukishatoa shikamoo unajifunga kama mfuniko wa chupa ya chai.

Kopo moja kila siku. Jana kopo, juzi kopo, na ninavyoutunza mkaa ule hata Siwema anajua, maharage nayaloweka mapema, yakichemka vizuri naepua sufuria naiviringisha kwa blanketi kuukuu naitia kwenye tenga lenye matambara, yanamalizikia kuiva humo yenyewe bila moto, moto uliobaki naweka maji ya kuoga mtoto, kisha naufunika kwa majivu, na jioni nikifukua nakuta makaa ya kuwashia, sipotezi kiberiti. Mche wa sabuni naukata kwa uzi, vipande naviweka juu ya bati vikauke siku tatu, sabuni kavu haiyeyuki ovyo. Maji ya kusuuzia nguo napigia deki. Gauni langu la Idd nimelipunguza limekuwa la Hajira, na kilichobaki kimekuwa foronya. Nimebana kila mahali panapobanika, nimebana mpaka Hajira mwenyewe akipewa biskuti anauliza, mama, nyingine ya kesho, mtoto wa miaka sita... na bado jioni ikifika kuna kitu kimepungua, mara chumvi, mara mafuta, na Latifu anasema hela haikai kana kwamba mimi ndiye ninayeikimbiza.

Fadhila naye alikuwa anabana hivi hivi. Fadhila mke wa Mwinjuma, kaka yake Latifu, alipelekwa Kurui kwa mwezi mmoja, ndivyo walivyosema, mwezi mmoja, mambo yakae sawa, na siku ya Idd tulipokwenda nilimkuta anatwanga kisamvu uani kwa mama mkwe, ni mwaka wa nne, vyombo vyake vya nyumbani kwake viko kwenye boksi chini ya kitanda, sahani za maua bado zimefungwa magazeti, alinifungulia nikaziona, akasema sizitumii hapa, nitazitumia nikirudi kwangu, akalifunga boksi akalifuta vumbi kwa kanga. Mama mkwe wetu, Bi Maulida, hana ubaya, anampenda, chakula wanakula pamoja, lakini mgeni akija akamuuliza Fadhila unaishi wapi siku hizi, anajibu naishi Dar, hapa nimekuja mara moja. Mwaka wa nne. Na Mwinjuma kule Dar, tunajua wote, na Fadhila anajua, ila hakuna anayelisema, ana mtu. Sitaki boksi. Sitaki Hajira anione nafuta vumbi boksi. Mwalimu wa awali amesema mtoto ameanza kuunganisha silabi, juzi alisoma peke yake neno mkaa kwenye kibao cha hapa hapa, m-ka-a, akafurahi, akanitazama kuona kama nimesikia... nilisikia, mwanangu.

Mzee Anselmi anasema jambo, anamwambia Siwema, kwa kunionyesha mimi kwa kidevu, huyu mwenzako hana maneno, wewe mdomo umekuwa kama redio ya kinyozi, na Siwema anasema mwache, huyo anahesabu kimyakimya, halafu ananigeukia, sauti ameishusha, lakini mwenzangu, kwani kila siku kopo, kila siku kopo, gunia lile pale, wewe unanunua makopo thelathini kwa mwezi, gunia moja ukilitunza kwa unavyojua wewe mwezi unaisha na mkaa wa kumwazima jirani unabaki, hununui kwa nini, nami nacheka kidogo, kicheko changu cha kufunikia, nasema sina hela ya gunia, na anasema, hela ya gunia unayo, unaitoa vipande vipande ndiyo maana huioni.

Unaitoa vipande vipande... mimi nimemaliza darasa la saba, hesabu sikuwa wa mwisho, ujumbe wa simu naandika maneno kamili hata nukta naweka, Latifu ananiandikia xaxa na mimi namjibu sasa, lakini hesabu hii haijanijia siku zote hizi, au ilikuja nikaifukuza, kwamba si mkaa peke yake, mafuta ya kula nanunua kwa kipimo, kile kikombe kidogo cha dukani, kila siku kipimo, unga kilo moja moja, sukari robo, sabuni ya unga ile pakiti ya kufulia mara moja, kila kitu nanunua kidogo, na cha kidogo ndicho cha bei, ninachookoa jikoni kinapotelea dukani, na dukani kinapotea kwa sababu nakwenda na hela ya siku, na hela ya siku ni ya siku kwa sababu Latifu ananipa ya siku... na yeye halipwi kwa siku. Analipwa Jumamosi. Leo. Jioni hii atarudi na hela ya wiki nzima kwenye mfuko wa shati, na itakaa mfukoni humo, kila asubuhi atatoa noti mbili ataziweka chini ya chupa ya chai, nyingine zinabaki naye, na hazibaki, najua, kuna supu ya saa nne, kuna vocha, kuna mechi kule kibandani, kuna mtu wa kumkopesha asiyerudisha, simlaumu, hela ikiwa mfukoni mwa mwanamume barabarani kila mtu anaiona, ikifika Alhamisi noti inakuwa moja, Ijumaa anasema jikaze, na Jumamosi anasema hela haikai. Haikai kwa sababu hajaiweka pa kukaa. Kwangu ingekaa. Mimi hata sabuni naijua inavyokaa.

Na kwa nini sijamwambia. Miaka saba. Hajanipiga, hajanitukana, akirudi na chapati ya moto anampa mtoto kwanza, kwa nini sijamwambia... nalitafuta jibu na liko hapa hapa limesimama mbele yangu na kopo mkononi. Ni shikamoo. Somo yangu aliyenitoa mwali ndiye aliyenifundisha, mume anaamkiwa kila asubuhi kabla jua halijakuchungulia, na mimi sijakosa hata siku moja, napiga goti nusu, shikamoo, marahaba, mkono wake tayari uko mfukoni, noti mbili chini ya chupa, na mimi nimeshakuwa mtoto wake, na mtoto akipewa hela ya kwenda dukani hamwambii baba haitoshi, hamwambii baba nipe yote nikupangie. Siwema alinicheka kwa Mzee Anselmi tu, hakujua kwamba nyumbani nafanya vile vile, hapa Mzee Anselmi anapunja kopo bila ubaya, kule kwangu napunjwa nyumba nzima bila ubaya, hakuna mbaya hata mmoja, na mwezi ukiisha mimi ndiye nitakuwa na boksi.

Lakini somo hakusema ukishaamkia unyamaze. Nakumbuka vizuri, alisema umwamkie, hakusema unyamaze, kunyamaza nimekuongeza mwenyewe. Naweza kumwamkia na nikasema. Heshima iko pale pale, na maneno yako pale pale, havigombani... nitasema nini, nitasema nipe ya wiki, nipe Jumapili asubuhi kabla hujatoka, nitanunua gunia nusu kwanza, nusu gunia naliweza, nitanunua mafuta lita tatu kwenye dumu, unga wa kilo tano, na atasema, je ukiimaliza, lazima atasema hivyo, ndivyo watu wanavyosema, na mimi nimjibu nini, nisitetemeke, nikitetemeka atadhani nimefundishwa na Siwema, nimjibu kitu ambacho na mimi nikikisikia nitakiogopa. Kitu cha kweli. Ninacho.

Mama Hajira, Mzee Anselmi anasema, mfuko, mwanangu, fungua mfuko, na Siwema ananigusa kiwiko, mwambie aongeze, we, na nafungua mfuko, mkaa unamiminika, sauti yake kavu kama sahani, kopo ni lile lile, halikujaa sana wala halikupungua sana, nampa hela yake, nasema ahsante baba, Siwema anapumua kwa nguvu kuniashiria amekata tamaa na mimi, na anadhani hakuna kilichotokea, na nalifunga fundo la mfuko mara moja tu, inatosha.

Asubuhi yake, Jumapili, Latifu alikuwa kwenye stuli anakunywa chai, nikamwamkia, akaitikia, akatoa noti mbili akaziweka chini ya chupa. Sikuzichukua. Nilivuta ndoo nikaigeuza nikaikalia, mbele yake, nikamwambia Baba Hajira, naomba unipe ya wiki nzima, leo, mimi nitaipanga. Akatabasamu kwanza, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize mzaha. Kisha akauliza, na ikiisha Jumatano? Nikamwambia ikiisha Jumatano, Alhamisi nafunga mizigo mwenyewe, nampeleka Hajira Kurui bila kungoja mwisho wa mwezi, wala hutanisikia nikilia. Isipoisha, unamwambia Evance atafute mtu mwingine wa kukaa naye. Akakitua kikombe mezani. Hajira alikuwa mlangoni anafunga viatu, akaacha kufunga. Nikaunyosha mkono wangu nikauweka juu ya meza, kiganja juu, karibu na kikombe chake, na sikuuondoa.