Mdomo wa Néhémie

Moteri ya boti ya Kassimu ilipotea ufukweni Baraka, na mtu wa mwisho kuigusa alikuwa Néhémie, fundi wake. Polisi walimwita asubuhi. Kufikia mchana alikuwa ameshawaambia kwamba aliiacha imefungwa kwa mnyororo, kisha kwamba mnyororo ulikuwa mbovu, kisha kwamba pengine hakuufunga vizuri. Wakamtia kasho, chumba cha mahabusu.

Mkewe Dorothée alipompelekea ugali, alimkuta bado anaeleza, safari hii kwa askari wa mlangoni.

"Baba Fanny, nani amekuuliza?"

"Mi sina kosa. Muntu mwenye hana kosa anasema."

"Unasema, ndiyo sababu uko humu ndani."

Akaenda kumtafuta mwanasheria, Maître Isidore, naye akamweleza Néhémie waziwazi: sheria haimlazimishi mtu ajishitaki kwa kinywa chake. Anayeshitaki ndiye alete ushahidi. "Wakikuuliza, sema jina lako. Mengine niachie mi."

Walipomwita tena, ofisa alitabasamu. "Fundi, jana ulisema muzuri. Leo unaogopa nini?"

Néhémie akafungua mdomo, akamwangalia Isidore, akaufunga. Jasho lilimtoka kama mtu aliyebeba gunia la muhogo. Lakini alinyamaza. Kwa kuwa hapakuwa na shahidi wala moteri, wakamwachia, ila faili haikufungwa.

Dorothée alidhani yamekwisha. Sokoni, jirani yake Espérance akamwambia, "Banasema alinyamaza. Basi aliiba."

"Alisema, mukamuita muongo. Amenyamaza, munamuita mwizi. Mulitaka afanye nini, mama Espérance, aimbe?"

Jioni Kassimu mwenyewe akaja. Walikuwa marafiki tangu ujana. "Niambie mi peke yangu," alimwomba Néhémie.

Néhémie akamtazama mkewe.

"Maître amekataza mpaka faili ifungwe," Dorothée alijibu badala yake.

Kassimu akaondoka bila kuaga, na Néhémie hakula.

Wiki zikapita. Boti nyingine ya Kassimu ikaharibikiwa njiani kutoka Swima. Akaituma moteri yake kwa Néhémie kwenye mkokoteni, bila hata salamu.

"Irudi," Dorothée alisema. "Aombe musamaha kwanza."

Néhémie alikuwa ameshalegeza bolti.

"Baba Fanny, ninasema na we."

"Ninasikia. Nipe kitambaa."

Dorothée akamrushia kitambaa, akaenda zake jikoni.